Mgeni Mkaazi

Faili lilikuwa zito kuliko begi la nguo. Mlikuwa na pasipoti mpya isiyo na muhuri hata mmoja, nakala za kipande (kitambulisho cha taifa cha Kenya), mkataba wa kazi, cheti cha Grade Two cha ufundi wa mashine, picha kumi za pasipoti (mpiga picha wa Malindi alinishikilia nipige kumi, "maana huko utazililia"), na barua ya chifu ambayo mpaka leo hakuna aliyeiuliza. Mama alilifunga kwa nailoni mara mbili, kama alivyokuwa akifunga unga wa baba akienda dago, kambi ya uvuvi ya msimu. Akaniambia: "Nguo zikirowa utaanika. Hizi zikirowa umerudi."

Sisi ni Wapemba wa Mayungu, pwani ya Kilifi. Babu alikuja na dago kabla ya uhuru wa Kenya. Vijana wa Pemba siku hizo walifuata samaki kwa msimu: walipanda na kusi, wakarudi na kaskazi. Kuna kaskazi moja babu hakurudi. Akaoa, akazaa, akazikwa Mayungu. Sisi tuliobaki tulikuwa watu wa pale kwa kila mtu isipokuwa kwa serikali. Kipande hatukuwa nacho, na bila kipande husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti benki, na ukiona askari barabarani unakumbuka ghafla kwamba ulisahau kitu nyumbani.

Mlango ulifunguka 2023, serikali ya Rais William Ruto ilipotutambua rasmi kuwa moja ya makabila ya Kenya. Wamakonde walishatutangulia. Nilishika kipande changu cha kwanza nikiwa na miaka thelathini na tatu. Mwaka uliofuata nikapata pasipoti. Na jambo la kwanza nililofanya na pasipoti ya Kenya ni kwenda kuomba kuishi Pemba. Mayungu nzima ilicheka. Lakini kazi ni kazi: watu wenye boti za kupeleka wageni kupiga mbizi kaskazini mwa kisiwa walikuwa wanatafuta fundi wa injini za dizeli, na ami yangu wa Konde akanitaja.

Safari yenyewe haina mengi mpaka Horohoro. Matatu hadi Mombasa, feri ya Likoni, kisha Ukunda, Msambweni, miwa ya Ramisi, Lungalunga. Mpakani hapo siku hizi nchi mbili zinakaa jengo moja: dirisha la Kenya linakutoa, unapiga hatua chache, dirisha la Tanzania linakuingiza. Ofisa alifungua pasipoti yangu, akapekua kurasa tupu.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa ami yangu, Pemba."

"Ami yako Mtanzania?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mkenya."

"Kabila?"

"Mpemba."

Akainua kichwa. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili aje anione. Hawakunicheka kwa ubaya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kucheka. Nikawaeleza ukweli wote, kwamba kuna kazi na mwajiri ndiye anayeshughulikia kibali. Akanigongea siku tisini za matembezi, kisha akanyoosha kidole: "Matembezi, umenisikia? Spana usishike."

Meli ya Tanga kwenda Pemba haitoki kila siku. Nilikaa Tanga siku mbili nikila samaki na kulinda faili. Kusi lilikuwa limeanza kulegea, tukavuka bila shida. Mkoani, pale chini ya mji unaopanda kilima, wenyeji walipita na mizigo yao kichwani, mimi nikawekwa pembeni pasipoti ikaguliwe tena. Ndipo nilipoelewa nimefika ugenini. Kijana aliyekuwa ameketi nami melini usiku kucha, tukizungumza lahaja moja ya babu zetu, alinipungia mkono akaenda zake.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Daladala ilipita kati ya mikeka iliyoanikwa kando ya barabara, yenye karafuu za kila rangi kutoka kijani mpaka hudhurungi, na ndani ya gari mlikuwa na magunia matatu yaliyotufanya sote tupige chafya. Ami alinipokea Konde kwa chai na mkate wa kumimina. Kesho yake, kabla hata sijazunguka kijiji, akanipeleka kwa sheha.

Kwetu kuna chifu na mzee wa mtaa. Zanzibar kuna sheha, na bila karatasi yake huendi mbali. Huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye daftari kubwa la mistari. Alimkumbuka babu kwa jarife lake, ule wavu wa papa, kabla ya kumkumbuka kwa jina. Akaniandika polepole: nimetoka wapi, nimefikia kwa nani, kwa muda gani. Alipomaliza akavua miwani.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Lakini wewe jembe lako liko Kilimani."

Kilimani ni Unguja, makao ya Uhamiaji Zanzibar. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza nikiwa Mayungu: karatasi ni mbili, na zinatoka mikono miwili. Kazi si jambo la Muungano. Kwa hiyo ruhusa ya mgeni kufanya kazi Zanzibar hutolewa na Serikali ya Mapinduzi, kwa Kamisheni ya Kazi. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Kwa hiyo kibali cha kuishi kinatoka Idara ya Uhamiaji, ile ile ya Tanzania nzima. Kuna Daraja A la wawekezaji na waliojiajiri, Daraja B la walioajiriwa, na Daraja C la wengine, kama wanafunzi na watafiti. Langu lilikuwa B. Cha kazi kinatangulia, cha ukaazi kinafuata, na vyote viwili vinamfuata mwajiri: ukiacha kazi, kibali hakiendi nawe kwa tajiri mwingine.

Ami hakuona maana ya mzunguko huo. "Omba uraia yaishe. Babu yako kazikwa kwao? Hapana. Basi rudi wewe badala yake." Nikamkumbusha kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ningechukua wa huku ningerudisha wa kule, na kile kipande kilichukua miaka sitini kufika nyumbani kwetu. Baba alikufa hajakiona. Ami akanyamaza, akanimiminia chai nyingine, tukazungumza habari za ng'ombe.

Basi nikangoja. Sijui kama kuna adhabu kubwa kwa fundi kuliko hii. Boti niliyoitiwa ilikuwa imefungwa ufukweni, kupita msitu wa Ngezi, injini yake inakohoa moshi mweupe, na mimi nimekaa juu ya mawe mikono mapajani. Nilijua tatizo kwa sauti tu. Vijana wa pale wakiniuliza nawaelekeza kwa mdomo: legeza hiyo, hapana, ya chini yake. Hata hilo lilinitia wasiwasi, maana sheria sidhani kama inatenganisha mkono na mdomo.

Wiki ya sita mwajiri akapigiwa simu: kuna jambo halijakaa sawa kwenye maombi, aje mwenyewe mwombaji. Nikashuka Mkoani kupanda meli ya Unguja. Dirishani wakaona pasipoti, wakanitoza kwa dola, zaidi ya mara mbili ya yule mama aliyekuwa mbele yangu na kuku wake. Nilibishana kidogo, kwa adabu. Karani akasema wageni bei yao ile pale ukutani. Ilikuwa pale ukutani kweli.

Asubuhi nikashuka bandarini, nikauliza hapa panaitwaje. Malindi, wakaniambia. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nimeacha Malindi moja, nimevuka mpaka na bahari mara mbili, nimefika Malindi.

Tatizo lenyewe lilikuwa herufi moja. Upande wa kwetu jina langu linaandikwa Hamadi, na ndivyo lilivyo kwenye kipande na pasipoti. Cheti cha ufundi kimeandikwa Hamad, kwa sababu mwalimu aliliandika kama alivyomsikia baba akilitamka, na baba alitamka kama Mpemba. Kwenye mkataba mwajiri aliweka Ahmad, kwa kuona hayo yote ni kosa la kusikia. Mtu mmoja, karatasi tatu, watu watatu. Mama aliyenihudumia alizipanga mezani moja juu ya nyingine, kingo zimelingana, akaniuliza kwa upole mwingi: "Baba, kati ya hawa aliyekuja ni yupi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Hamad ndiye baba alikuwa akimwita akirudi baharini. Hamadi ndiye serikali ya Kenya ilimtambua. Ahmad simjui.

Akanipa njia: mkataba uandikwe upya, na kwa cheti nipate kiapo kwa wakili kwamba Hamad na Hamadi ni mtu mmoja. Wakili alinitoza pesa ya siku tatu za chakula kwa ukurasa mmoja. Nikainua mkono nikaapa kwamba mimi ni mimi. Nilivyotoka nje nilihisi kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakushtakiwa.

Siku za muhuri wangu zilikuwa zimebaki kumi na moja kibali cha ukaazi kilipotoka. Daraja B, miaka miwili. Mwajiri alinipigia saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa ndani ya ile boti mpaka kiwikoni. Ilikuwa nozeli, kama nilivyosema.

Kibali kilikuwa karatasi. Kadi ilikuja mwaka uliofuata, na kadi ndiyo niliyoitaka, maana karatasi huitembezi mfukoni ukiwa na mafuta mikononi. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa hutoa vya aina tatu: cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi. Nilijaza fomu, nikaenda kwa sheha tena (akanisalimia kwa kuuliza habari za jembe), nikapangiwa siku ya picha na alama za vidole.

Picha ilikwenda vizuri. Vidole vikagoma.

Kijana wa afisini alinishika kidole gumba cha kulia, akakilaza juu ya kioo chenye mwanga wa kijani, akakizungusha. Mashine ikalia. Tena. Ikalia. Akajaribu cha shahada, ikalia kwa sauti nyingine, mbaya zaidi. Akavuta mkono wangu karibu na dirisha, akaufungua kama mtu anayechagua embe. Nimeanza kushika mshipi nikiwa na miaka minane. Uzi wa nailoni ukivutwa na nguru hukata ngozi mahali pamoja kila siku, mpaka mistari uliyozaliwa nayo inafutika na inabaki mistari ya uzi. Juu ya hapo nimepaka dizeli miaka kumi.

"Hivi alama zako zimekwenda wapi?"

"Baharini."

Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na watu saba wanangoja zamu, na wote wakawa mafundi. Mmoja akasema nipakwe ndimu. Bibi mmoja aliyevaa kanga mbili akasema ndimu itakausha, mafuta ya nazi ndiyo dawa, tena kidogo, halafu ufute. Kijana hakutaka mafuta yaguse kioo chake. Nikatumwa kunawa kwa sabuni, nikaambiwa nikae mikono imetazama juu kama naomba dua, dakika kumi, ngozi ipate unyevu. Mkono wa kushoto ukasoma wote, maana mshipi nauvuta kwa wa kulia. Wa kulia ukasoma vinne kwa kubembelezwa, kijana akinikandamiza kidole kwa kidole chake mpaka kucha zake zikawa nyeupe. Cha shahada hakikusoma kabisa. Ni kile kile kilichogoma Kilifi 2023. Akaandika anachokijua yeye kwenye kompyuta, akaniambia niende. Bibi wa kanga mbili akaingia, akalaza vidole vyake vya kuchuma karafuu, na mashine ikalia.

Kadi ina sura yangu nikiwa nimekunja uso, na maneno mawili ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko jina langu: Mgeni Mkaazi. Ami aliigeuza upande huu na huu, akasema ni nzuri, akauliza inaisha lini. Inaisha na kibali.

Mwezi huo huo nikashuka Mkoani kwenda Unguja kutafuta ringi za pistoni. Dirisha lile lile, karani yule yule.

"Mwenyeji au mgeni?"

Nikasukuma kadi chini ya kioo. Akaisoma kwa sauti, neno la kwanza, akasita, akasoma la pili. Akaigeuza nyuma. Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika, meli ilikuwa imeshapiga honi.

"Sasa nikutoze ipi?"

"Ya mkaazi."

Akagonga kalamu mezani mara mbili, akaangalia bei ukutani, kisha akavuta kitabu cha tiketi za shilingi.

"Jina?"

"Hamadi."

"Na i mwisho?"

"Na i mwisho."

Nilipofika ndani nikaketi, nikaitoa tiketi kuiangalia. Alikuwa ameandika Hamad.