Machame hadi Mweka: chopa itatua wapi?

Kwa Sadala tuliiacha barabara kuu ya Moshi–Arusha, tukapanda kati ya migomba na mibuni hadi lango la Machame. Kilele cha Kilimanjaro hakikuwa lengo letu. Tulitaka kupanda kwa Machame, kushuka kwa Mweka, na kila kambi tuulize swali moja: mgonjwa akizidiwa hapa, helikopta itatua wapi?

Msituni jibu ni fupi: haitui. Hadi kambi ya Machame, mita 2,835, miti imefungamana na ukungu haukauki. Mgonjwa wa huku hurudishwa langoni kwa machela. Wageni waambiwe mapema, maana wengi hudhani ukishalipa bima chopa inakufuata popote ulipo.

Shira, mita 3,750, mambo ni tofauti. Uwanda ni mpana na wazi, tukapata nafasi ya kupima. Helikopta ya H125, inayofaa sana milimani, panga boi lake lina kipenyo cha mita 10.69. Iandalie mita 30 kwa 30 zisizo na mawe yaliyolegea wala visiki. Majani marefu yakanyage kabisa, kwani jiwe lililojificha ndani yake linaweza kuinua ski moja, yaani mguu mmoja wa chopa. Mteremko tuliupima kwa kamba ya mita 10: ncha moja chini upande wa juu, nyingine ikashikwa hewani upande wa bonde, na chupa ya maji isiyojaa ikawa pima maji yetu. Ncha ya hewani ikiwa zaidi ya sentimita 87 kutoka ardhini, mteremko umepita nyuzi 5. Hama.

Barranco panadanganya. Chini kuna tambarare za kutosha, lakini ukuta wa takribani mita 250 umesimama upande mmoja, na upepo ukiupiga hurudi kwa mizunguko. Rubani hatazami mahali pa kutua tu, hutazama pia pa kutorokea. Anataka upande ulio wazi kuelekea bondeni, ili nguvu zikipungua ateremke badala ya kulazimika kupanda. Kwa hiyo tulichagua mbali na ukuta, japo machela ingebebwa mbali zaidi.

Karanga shida ni vumbi la volkano. Panga boi likikaribia ardhi, vumbi linafunika kila kitu na rubani haoni chini. Kunyunyizia maji ni ndoto. Maji ya kambi hiyo wagumu, yaani wapagazi, huyapandisha kutoka mtoni bondeni, na ndiyo ya mwisho kabla ya kambi ya Barafu. Tafuta sehemu ya changarawe iliyoshikana.

Barafu ndipo tulipokaa zaidi. Kwa mita 4,673, kanieneo ya hewa ni takribani asilimia 57 ya ile ya usawa wa bahari. Injini inachoka na panga boi linapata hewa nyepesi ya kusukuma, kwa hiyo kila kilo inahesabiwa. Anayepiga redio ataje uzito wa mgonjwa, hali yake, viwianishi vya mahali (namba za GPS), upepo unakotoka, mawingu na vizuizi. Begi kubwa libaki. Pasipoti, simu na karatasi za bima viende naye. Bima yenyewe ihakikishwe tangu Moshi kwamba inafika mita 6,000.

Kisha kambi yenyewe. Hema lisilo na mtu, kigodoro, mfuko wa plastiki: vyote vinaweza kuruka vikaingia kwenye panga boi. Hema la choo ndilo la kwanza kuondoka, na hakuna anayetaka kulikimbilia. Laza mahema yaliyo karibu na uyawekee mawe. Mtu mmoja tu ndiye aongoze: asimame ukingoni, mgongo kwa upepo, uwanja ukiwa mbele yake, mikono miwili juu kwa umbo la Y. Chopa itakuja ikimtazama.

Wengine wachuchumae mbali. Sisi tuliozoea chopa ya kampeni tuna tabia ya kuikimbilia, na mlimani hiyo ni hatari. Usisogee hadi rubani akupe ishara. Pita mbele au ubavuni anapokuona, kamwe usipite mkiani. Uwanja ukiwa na mteremko, ingia kutokea upande wa chini, kwani upande wa juu panga boi liko karibu na kichwa. Fimbo za kutembelea zishikwe mlalo, chini ya kiuno. Kofia vua.

Hata hivyo, mgonjwa mwenye maji kwenye mapafu asiwekwe Barafu akingoja. Chopa za mlimani huruka kwa kuona: usiku hazifai, na mchana wingu hupanda na kufunga kambi. Dawa ya kwanza ni kushuka. Hadi kambi ya Millennium, mita 3,820, anakuwa ameteremka zaidi ya mita 850, na hewa ya huko chini anaihitaji sasa hivi. Machela ipate watu sita hadi wanane wa kupokezana, na oksijeni ifuatane nayo.

Chini ya Millennium vichaka huwa miti, na baada ya kambi ya Mweka ni msitu mtupu. Huko tegemea machela na gari. Kila mnaposhuka kambi moja, piga redio tena mtaje mlipofika, la sivyo rubani ataenda kumtafuta mgonjwa Barafu.