Jicho la Kushoto

"Baba, namba ya gari lile la mbele unaisoma?" Ndio mchezo mpya wa binti yangu tukiwa kwenye foleni. Nikasema naisoma, ila kwanza mkono ulipapasa miwani juu ya dashibodi. Kile chumba cha vipimo vya leseni kikanirudia, nikamsimulia.

Leseni ya udereva ilikuwa imebakiza siku nne iishe. Mkojo na masikio vilipita upesi; presha ikagoma. Nilikuwa nimepanda ngazi mbio, nimekunja nne, na napiga soga huku mkanda unajaa upepo: 158 kwa 96. Nesi akaninyamazisha. Dakika tano kimya, nyayo sakafuni, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo. Ikashuka hadi 134 kwa 84. (Kojoa kabla ya kupimwa, kibofu kilichojaa nacho hupandisha.)

Macho sasa. Chati iko ukutani, mita 6. Kwa jicho la kulia nilishuka hadi mstari wa mwisho kama naimba. Zamu ya kushoto nikafunika la kulia kwa kiganja, vidole vimeachana kidogo. Sitasema ilikuwa bahati mbaya. Daktari akaushusha mkono wangu, akanipa kifuniko cheusi chenye umbo la kijiko.

"Hiki hakina nyufa, mzee."

Mstari wa tatu tu, herufi zikaota manyoya. Lakini nilishazikariri! Nikazitiririsha zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza chati. Upande wa pili zilikuwa herufi nyingine.

"Endelea."

"D. Au O."

Akaandika 6/24: ninachokiona kwa mita 6, mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 24. Kisha akaniwekea kifuniko kingine, hiki kina kitundu chembamba kama cha sindano. Nikachungulia. Herufi zikarudi, nyeusi, kingo zimenyooka, moja baada ya nyingine. Nilizisoma polepole, bila kuimba.

"Kitundu kikisaidia, miwani itasaidia," alisema. "Kisingesaidia, ningekupeleka ukachunguzwe mboni na retina, ule utando wa nyuma ya jicho." Jicho zima humbebea mwenzake, ndiyo maana sikuwahi kushtuka. Leseni ikatoka na sharti: miwani kila niendeshapo.

Binti akauliza kwa nini basi miwani ilikuwa juu ya dashibodi tangu nyumbani. Foleni ikasogea, nikaingiza gia.