Siku tuliyoifungua fremu ya babu

Fremu yenye nishani za babu za Vita Kuu ya Pili, picha yake na karatasi yake ya jeshi ilitundikwa sebuleni Tanga mwaka 2016, wiki chache baada ya arobaini ya bibi. Juni 2018, masika yalipokwisha, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani na zile nishani mbili za nyota zilikuwa zimeota kijani kwenye ncha. Kabla ya hapo zilikaa zaidi ya miaka 60 kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha bibi, zimeviringishwa katika kipande cha kanga, na hazikuota kitu.

"Sasa kopo lilikuwa na kosa gani?" akauliza shangazi.

Halikuwa na kosa. Tulitandika taulo mezani, tukailaza fremu kifudifudi, tukang'oa misumari ya nyuma kwa koleo. Mgongo ulipoachia tu, ikatoka harufu ya siki. Fundi alitumia plaiwudi mpya, kisha akaziba kingo zote kwa silikoni ili vumbi lisiingie. Silikoni ya kawaida ya madirishani hutoa asidi ileile ya siki inapokauka, na plaiwudi nayo hutoa mvuke wake taratibu. Humo ndani mvuke haukuwa na pa kutokea, na unyevu wa Tanga ulishafungiwa pamoja nao. Nyota zile ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na shaba ikikutana na asidi na unyevu huota kutu ya kijani. Kanga ilikuwa inapumua, fremu haikupumua.

Nishani zenyewe ni nne, kama walivyopewa askari wengi wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliofika Burma: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Burma, Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita. Babu alikuwa kikosi cha 36 cha KAR, cha Watanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha faru begani. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za mwaka 1944 na kufika mto Chindwin, Kalewa, mwezi Desemba. Nyumbani siku zote ilisemwa kwamba jina lake lilifutika ukingoni kwa kusuguliwa. Tuliziangalia kingo kwa kioo cha kukuzia: hapakuwahi kuandikwa kitu. Nyota za vita ile walizopewa Keya zilitoka bila majina, tofauti na za vita ya kwanza. Kinachoziunganisha na mtu ni karatasi yake ya kuachishwa jeshi peke yake, na karatasi hiyo fundi aliibandika kwenye plaiwudi kwa selotepu.

Kusugua kulikuwepo kweli, ila kulifanya madhara mengine. Baba mdogo alizipitishia Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, kabla ya kuzipeleka kwa fundi. Kwenye Nishani ya Vita, simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili alibaki na uso laini kama sabuni iliyotumika, na unga mweupe wa dawa umeganda katikati ya tarakimu. Brasso ina chembe za kukwangua. Kila ukisugua unaondoa chuma, na chuma hakirudi.

Gundi ndiyo iliyotuchukua asubuhi nzima. Kila nishani ilikuwa na tone la gundi ya moto mgongoni. Ukiivuta, unang'oa utepe pamoja nayo. Tulidondosha spiriti safi ya duka la dawa pembeni mwa tone kwa kijiti chenye pamba, tukasubiri dakika mbili hivi, na gundi ikabanduka nzima kama ganda la kidonda. Utepe tuliukunja juu na kuufunika kwa nailoni, maana rangi zake huchuruzika zikilowa. Ule unga mweupe tuliutoa kwa kijiti cha meno na spiriti hiyohiyo. Kijani kigumu cha ncha tulikipunguza kwa kijiti cha mwanzi, rangi ya kahawia tukaiacha. Kisha zikakaa wiki mbili ndani ya kopo kavu lenye vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu. Kijani cha unga kikirudi siku chache baada ya kusafishwa, ujue chumvi imeingia ndani ya chuma, na hiyo si kazi ya mezani. Hakikurudi.

Utepe wa Nyota ya 1939–1945 una mistari mitatu sawa: buluu nzito, nyekundu, buluu ya angani. Mbele, ile ya angani ilishakuwa kama maji ya mchele. Tulipoufungua mkunjo wa nyuma, rangi ilikuwa mbichi. Miaka miwili tu mbele ya dirisha.

Picha hatukuiweza. Babu amesimama na kofia pana, na kuanzia bega la kulia hadi kifuani karatasi imegandamana na kioo. Unyevu hulainisha tabaka la juu la picha za zamani, likikauka linashika kioo. Shangazi alitaka tuipitishie kisu chembamba. Tulikataa, kwa sababu kinachobaki kwenye kioo ndiyo sura yenyewe. Tuliipiga picha kupitia kioo hichohicho, tukakikata kioo kuizunguka, tukaiviringisha katika pamba na kuilaza kwenye droo.

Fremu mpya ina kina cha sentimita 3, kioo kisiguse kitu. Mbao za ndani tulizifunika kwa foili ya jikoni, juu yake kitambaa cha marekani kilichochemshwa mara mbili bila sabuni ili wanga utoke. Nishani zimeshonwa kwa uzi wa pamba: mishono minne juu ya utepe, na kitanzi kimoja kinachobeba uzito wa nishani, maana utepe wa zamani ukiachiwa mzigo peke yake hukatikia kwenye mkunjo. Nyota ya 1939–1945 inaanzia kushoto kwa anayetazama, inafuata ya Burma, kisha Ulinzi, mwisho Vita. Shangazi angependa hizo mbili za mwisho, zenye kichwa cha mfalme, zitangulie. Silikoni hakuna. Nyuma tuligundisha vipande vinne vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, na safari hii ukuta ni wa ndani, wa korido, usiopigwa na mvua wala jua.

Karatasi ya jeshi ukutani ni nakala. Ya asili imelala kopo lilelile la biskuti, ndani ya kanga, na juu yake kadi ya penseli: jina la babu, namba yake, majina ya nishani nne na mahali zilipotundikwa.