Kodi ya Chumba Mjini Berlin
Mwanafunzi wa Kiafrika asiye na ufadhili anayekwenda kusoma Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu, ambayo humruhusu kutoa euro 992 tu kila mwezi. Nilipofika Berlin niliziona fedha hizo kuwa nyingi, hadi nilipoanza kutafuta chumba. Wajerumani hutofautisha Kaltmiete, yaani kodi ya chumba chenyewe tu, na Warmmiete, ambayo huongeza gharama za maji, taka na, mara nyingi, kupasha nyumba joto. Umeme na intaneti aghalabu hulipiwa kando. Mwenye nyumba anaweza pia kudai dhamana isiyozidi Kaltmiete ya miezi mitatu, ingawa sheria humruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu tatu, haki ambayo mimi sikuijua nilipotoa akiba yangu yote kwa mkupuo.