Siwa ya Lamu na Kome la Ralph

Katika jumba la makumbusho la Lamu, pale ukingoni mwa bahari, zimehifadhiwa siwa mbili, yaani baragumu kubwa za kupulizwa: ya shaba, iliyokuwa ya mji wetu, na ya pembe ya ndovu, iliyotoka Pate. Nilimpeleka mpwa wangu kuzitazama, nikamweleza kwamba siwa haikupulizwa ovyo, bali kwa harusi za wakubwa na kwa mambo mazito ya mji. Akaniuliza, “Mjomba, na watu wakiisikia wakakataa kuja?”

Swali hilo lilinirudisha kwenye riwaya ya William Golding, *Lord of the Flies*, yaani Bwana wa Nzi, iliyochapishwa mwaka 1954. Golding alikuwa mwalimu wa shule aliyepigana katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kisa chake ni cha wavulana ambao ndege yao imeanguka wakati wa vita, wakabaki kisiwani pasipo mtu mzima. Mmoja wao, Ralph, anapuliza kome, gamba kubwa la baharini, wenzake wanakusanyika, na inakubaliwa kwamba anayelishika ndiye mwenye zamu ya kusema.

Shuleni tulikaririshwa kwamba kome ni sheria, miwani ni elimu, na kichwa cha nguruwe kilichochomekwa mtini ni uovu. Si uongo, lakini siku hizi naona maelezo hayo yanaiacha nje nusu ya kitabu. Kome halina nguvu yoyote ndani yake. Nguvu iko kwa wale wanaonyamaza linaposhikwa na mwenzao. Mapema kabisa, wakiwa bado marafiki, Jack, kiongozi wa wawindaji, anasema kwamba juu ya mlima kome halihesabiki, na ingawa Ralph anajibu kwamba sheria ni ile ile juu na chini, na wote wanakubali, neno limeshasemwa. Kwangu mimi, kisiwa kinaanza kuharibika hapo, kabla damu yoyote haijamwagika.

Mtazame pia mvulana mwingine, Roger. Mwanzoni anamrushia mawe mtoto mdogo aitwaye Henry, lakini kwa makusudi anamkosa, kwa sababu mkono wake bado umefungwa na wazazi, shule na polisi walioachwa mbali. Baadaye mkono huo huo unalisukuma jabali linalomuua Piggy, mwenye ile miwani, na kome alilokuwa amelishika linavunjika vipande vipande papo hapo. Kati ya matendo hayo mawili kuna kifo cha Simon, kijana mpole aliyetambua kwamba dubwana wanaloliogopa limo ndani yao wenyewe, na aliyeuawa gizani katikati ya ngoma ambayo hata Ralph na Piggy walikuwamo.

Hata hivyo, ninayemhurumia zaidi ni Piggy. Yeye ndiye aliyejua jinsi kome linavyopulizwa, akamfundisha Ralph, kwa kuwa pumu ilimzuia kulipuliza mwenyewe. Naye ndiye aliyeliamini hadi dakika ya mwisho, alipolibeba mikononi kwenda kudai miwani yake aliyoporwa. Mwanzoni alimsihi Ralph asiwaambie wengine jina la utani alilobandikwa shuleni, ambalo maana yake ni kijinguruwe, na Ralph akalitangaza mbele ya wote, wakacheka. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa uzito wa kumwita mtoto wa mtu kwa jina la mnyama huyo. Kisha wavulana wanaanza kuwinda nguruwe, na kila ninaporudia kurasa hizo, kelele zao za kuwinda naziona zinamkaribia yeye.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza jina lake halisi. Mwishoni, mbele ya ofisa wa jeshi la majini aliyefika kisiwani, Ralph anamlilia rafiki yake mkweli na mwenye hekima, na anamlilia kwa jina lile lile la kejeli, kwa sababu hana jingine analolijua.