Inua, Geuka, Toka

"Unalipwa?"

Ndilo lilikuwa swali la kwanza la shangazi nilipompigia simu Ngamiani, Tanga, kumweleza kwamba jioni zangu zote za Januari zimehamia kwenye ukumbi wa maigizo.

"Silipwi, shangazi. Najitolea."

"Na nauli?"

"Yangu."

"Haya."

Mnaoijua "haya" ya mama wa Tanga mnajua ina uzito gani. Sikubishana naye. Ila kimoyomoyo nilijiambia: wewe uliyepamba mabibi harusi nusu ya Ngamiani na kurudi na sahani ya pilau, leo unaniuliza mimi malipo?

Naishi mji mdogo wa Lancashire, kaskazini ya Uingereza, na kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Naingia saa kumi na mbili asubuhi. Mwenzangu mmoja wa zamu aliniona wakati wa chai napinda sketi kwa sindano ya mkono, akaniambia kikundi chao cha maigizo hakina mtu wa nguo. Nikaenda kuangalia tu. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa kanisa, una viti mia na kitu, na hakuna hata mmoja anayelipwa, tangu anayekata tiketi hadi anayefagia.

Walikuwa wanaandaa panto, kifupi cha "pantomime". Jina lisikudanganye ukafikiri ni igizo la mabubu, maana sijawahi kusikia kelele kama zile. Ni mchezo wa Krismasi na mwaka mpya: hadithi ya watoto, nyimbo, vichekesho, na watazamaji wanaruhusiwa kuropoka. Jini likimnyemelea mtu, ukumbi mzima unapiga kelele "Nyuma yako!" na yeye anajifanya haoni. Mama mtu mzima katika hadithi lazima achezwe na mwanamume aliyevaa gauni na wigi. Mwaka ule ilikuwa Aladdin, yule yule wa Alfu Lela Ulela tuliyemsoma shuleni, ila Waingereza wamempa mama yake mjane biashara ya udobi. Anaitwa Mjane Twankey, jina alilopewa jukwaani London mwaka 1861, na asili yake ni aina ya majani ya chai kutoka China. Dobi na dobi, nikaona tutaelewana.

Siku ya kwanza meneja wa jukwaa, mama mmoja mkavu mwenye hedseti shingoni, alinipa sharti moja: nyuma ya pazia mavazi ni meusi tupu, juu mpaka chini, usionekane. Nilikuwa nimesimama mbele yake na baibui jeusi, ushungi mweusi, soksi nyeusi. Akanitazama, mimi nikamtazama. Tukacheka wote wawili. Miaka minne nimetembea mji ule na watu wakigeuza shingo kwa sababu ya baibui lile. Mle ndani lilikuwa sare. Baadaye nililivua nikavaa suruali na shati refu, maana pindo lilitaka kuniangusha kwenye ngazi, lakini ushungi ulibaki.

Mambo yao nayo yana miiko. Kupiga mluzi nyuma ya jukwaa ni marufuku. Wanasema zamani wavuta kamba wa mapazia walikuwa mabaharia wakipeana ishara kwa mluzi, ukipiga ovyo unaweza kuangushiwa mbao kichwani. Hilo halikunisumbua, sisi tulikatazwa kupiga mluzi usiku kwa ajili ya nyoka. Mistari miwili ya mwisho ya panto haisemwi kabisa kwenye mazoezi mpaka usiku wa ufunguzi. Halafu kuna "nusu". Meneja akitangaza nusu saa, jua zimebaki dakika 35 pazia lifunguliwe, kwa sababu wao huhesabu hadi pale waigizaji wa mwanzo wanapoitwa mahali pao, dakika tano kabla. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwetu saa inayosoma saba tunaiita saa moja. Nikanyamaza.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Nguo zilizobandikwa mapambo kwa gundi hazifuliki, kwa hiyo kuondoa harufu ya jasho wanazipulizia vodka. Inaua harufu na yenyewe hukauka bila kuacha dalili. Niliwaambia hiyo kazi mtafutieni mwingine, mimi sitaonekana kwenye foleni ya pombe.

Mjane wetu alikuwa mstaafu wa posta, futi sita na ushee, na magauni yake yalikuwa tisa. Moja alitakiwa kulibadili kwa sekunde 40, gizani, nyuma ya ubao uliochorwa duka. Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi. Bibi harusi hapambwi kwa papara, bali kwa maandalizi. Gagulo la pili nilimvisha mapema chini ya gauni la kwanza. Zipu nikaing'oa nikatia velkro, ule utepe wa kunatana, mgongoni. Viatu niliviacha wazi, ncha zikitazama anakokwenda. Gauni nililaza sakafuni kama kisima, yeye anatia miguu katikati, mimi napandisha.

Tatizo lilikuwa lugha. Kiingereza changu ni cha mchana. Giza na haraka vikikutana kinanikimbia. Kwenye zoezi la kwanza nilijikuta namwambia "Inua!" huku nasukuma viwiko vyake. Akainua. "Geuka!" Akageuka. "Toka!" Akatoka. Tangu hapo hatukubadilisha. Kijana wa vifaa aliandika maneno yale matatu kwa chaki ukutani, "geuka" akaikosea, nikamsahihishia.

Usiku wa tatu, ukumbi umejaa, nikasema toka, naye akatoka. Na ushungi wangu ukatoka naye. Velkro ilikuwa imeudaka mgongoni. Nilibaki na kofia ya ndani tu, mikono kichwani, nikimwona mjane anaingia kwenye taa na kitambaa cheusi kinaning'inia nyuma kama mkia. Watoto wakaanza: "Nyuma yako! Nyuma yako!" Safari hii walikuwa wanasema kweli. Akageuka kulia, kitambaa kikageuka naye. Kushoto, vivyo hivyo. Mwisho akakishika, akakitazama, akasema kwa ile sauti yake nyembamba: "Dobi gani mimi, nasahau kuanua!" Watu hoi.

Huku gizani kijana wa vifaa alinipa koti lake nijifunike. Alininyooshea akiwa ameutazama ukuta. Sijui nani alimfundisha.

Mwongozaji, wala hakuona haya, alitaka turudie kila usiku. Nikamwambia sawa, lakini kitambaa nunueni chenu. Wakanunua.

Jumamosi ya mwisho, hata watazamaji hawajamaliza kuvaa makoti, watu wakapanda na bisibisi na nyundo. Kufika saa sita usiku jukwaa lilikuwa mbao tupu na mimi nimekaa kwenye ngazi nafumua velkro, maana gauni lile lilikuwa la kuazima. Nilipomsimulia shangazi alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, kwa sauti ile ya kazini:

"Na huyo bwana, gauni lilimkaa?"

"Lilimkaa, shangazi. Mabega tu yalikuwa mapana."

"Ungeongeza vipande kwapani."

Mwezi Machi nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi, baibui langu, mkoba wangu, mama mmoja mbele yangu ananikagua toka juu hadi chini. Kutoka foleni ya pili nikasikia mtu anakohoa kwa makusudi. Mzee mrefu wa koti la mvua, maziwa mkono mmoja, mkate mkono wa pili. Alinitazama, akainua mikono yote miwili juu, akageuka taratibu mzunguko mzima, akasubiri nimwambie neno la tatu.