Bahasha ya 2 x 3

Mwaka 2014 mwanangu alikuwa na miaka mitano, na tulikuwa wiki ya pili ya matibabu ya saratani ya damu, lukemia. Jumamosi walituruhusu twende nyumbani Kigamboni, turudi Jumanne kwa sindano. Nilipanda pantoni nimembeba mgongoni, mfuko wa dawa nimeukumbatia kama pesa ya mchango.

Mama yangu alikuwa amefika kutoka Tanga kunisaidia. Ni mtu wa pumu tangu ujana wake, vidonge anavijua kwa rangi na kwa ladha. Nilipozimwaga bahasha mezani akavaa miwani, akaanza kupekua moja moja.

"Hii prednisoloni si ndiyo yangu mimi ya pumu?"

"Ndiyo walizotupa, mama."

"Na hii ni aloprinoli, anayokunywa mjomba wako, ya gauti. Na hii Septrini..." Hapo akanyamaza. Kwetu Septrini, dawa inayojulikana kwa wenye virusi vya UKIMWI, ikionekana ndani ya nyumba kila siku watu hawaulizi, wananong'ona. "Binti, huyu mtoto ana pumu, ana gauti, au kuna jambo mnanificha? Dawa ya kansa iko wapi hapa?"

Sikuwa na la kumjibu. Mwenyewe nilitarajia dawa ya kansa ije kwenye boksi la maandishi ya kigeni, ya bei ya kuuzia kiwanja. Kumbe kidonge kidogo cheupe, cha miligramu 5, ambacho duka la dawa la pale mtaani kwetu lilikuwa nacho. Juu ya bahasha mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: 2 x 3. Vidonge sita kwa siku. Mama akasema yeye akizidiwa sana hunywa siku tano tu, na uso unavimba. Mashavu ya mwanangu yalikuwa yameshaanza kujaa. Majirani walimsifu kwamba kanenepa.

Jioni ile sikumpa. Asubuhi yake pia sikumpa. Kufika mchana hofu ikageuka upande wa pili, nikamsagia viwili kwa sukari na nikaendelea hivyo mpaka Jumanne.

Njiani nilijipanga kusema nimempa zote. Nesi wa zamu hata hakuniuliza. Alimwaga vilivyobaki juu ya karatasi, akavisukuma kwa ncha ya kalamu viwili viwili, midomo ikihesabu bila sauti. Akarudia tena.

"Mama, vinne vimezidi."

Nikaanza na hadithi ya kwamba mtoto alitapika. Sikufika nayo mbali.

Daktari aliitwa. Hakufoka, na ningeona heri afoke. Alivuta kiti, akaniuliza bibi anaumwa nini, halafu akaniambia bibi hakukosea hata moja: dawa ni zile zile. Kwa bibi prednisoloni inatuliza uvimbe kwenye njia za hewa. Kwa mtoto, zile seli nyeupe changa zilizojaa kwenye uboho zina mahali pa kuipokea, na ikishaingia zinajiua zenyewe. Ya bibi ni siku chache. Ya mtoto ni wiki nne bila kuruka, tena haikatizwi ghafla, kwa kuwa mwili ukiizoea unapunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Seli zikifa kwa wingi zinamwaga asidi ya uriki, ile ile inayomtesa mjomba, nayo inaweza kuharibu figo. Kazi ya aloprinoli ni hiyo. Septrini inamkinga na aina ya nimonia inayovizia kila mtu ambaye kinga yake imeshuka, awe na virusi au asiwe navyo.

"Mwambie bibi namsalimu," akasema. "Na usiniruke tena."

Baadaye nilisoma mwenyewe, kwa hasira kidogo, kutaka kujua nilichokuwa nimekidharau. Kotisoni, ndugu mkubwa wa prednisoloni, ilianza kwa wagonjwa wa baridi yabisi: Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani aliwapa mwaka 1948, na haukupita muda mrefu ikajaribiwa kwenye lukemia. Lakini aloprinoli ndiyo iliyonichekesha. Gertrude Elion na George Hitchings waliitafuta ili kuipa nguvu merkaptopurini, dawa ya lukemia. Wakaona inashusha asidi ya uriki, ikaenda kutibu gauti. Basi mjomba ndiye aliyeazima dawa kwetu.

Mama nilimweleza usiku ule ule. Hakuomba radhi, si kawaida yake. Ila kuanzia kesho yake bahasha ilihamia mfukoni mwake, akawa anasaga vidonge kati ya vijiko viwili na kuhesabu kwa sauti. Na mtoto alipoamka saa nane za usiku kudai wali na maharage, maana dawa ile inaleta njaa isiyo na adabu, aliyekwenda kuwasha jiko ni yeye.

Matibabu yalichukua zaidi ya miaka miwili. Leo mwanangu anavaa viatu vikubwa kuliko vyangu. Lakini katikati ya mwaka ule wa kwanza, mvua za masika zilipombana mama kifua, alikaa kitandani akatoa kidonge chake cheupe, akakimeza kwa chai. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Bibi, pole. Na wewe una kansa?"

Mama alicheka mpaka pumzi ikamkatika, tukamtafutia mashine yake ya kuvuta.